Mashahidi wa Kiburi Changu

Barua ilikuwa na mistari mitano tu, lakini Bienvenu aliisoma mara mbili, kwa sababu alipomaliza mara ya kwanza nilimwambia hajui kusoma.

"Kwa kuwa mwanachama Julienne ameonekana mara nyingi akiendesha pikipiki kati ya Kasongo na Kabambare, ofisi imeona kwamba mwili wake una uwezo. Karti yake ya ulemavu imefutwa."

Nilikuwa nimekaa juu ya pikipiki hiyo hiyo, nje ya dirisha la ofisi ya mfuko wetu wa wachimbaji hapo Kasongo, nimezima injini. Bienvenu ndiye karani wao, mtu mpole mwenye miwani iliyofungwa kwa uzi. Kwa miaka mingi amenihudumia kupitia dirisha hilo bila kuniuliza kwa nini siingii ndani kama wengine. Nilimuuliza ni nani hasa aliyeniona.

"Mama Julienne, kila mutu anakuonaka," alisema. "Unapita kila juma na chumvi na sabuni. Hata mimi ninakuonaka."

"Na wewe ukaandika?"

"Mimi sikuandika. Ni sekretere Ismaël, kule Kabambare. Mimi ninasoma tu."

Nilitamani kuitafuna barua ile mbele ya macho yake. Sikuitafuna, niliikunja nikaitia ndani ya blauzi, kwa sababu karatasi ya kugombania huwa haitupwi.

Asiyenijua aniruhusu nieleze. Miaka minane iliyopita nilikuwa Salamabila, kwenye dhahabu. Nilikuwa twangaise. Ndivyo wanavyotuita wanawake tunaotwanga mawe ya shimoni kwenye vinu vya chuma mpaka yawe unga. Wachimbaji na sisi tulikuwa na mfuko wetu wa kusaidiana, tunauita mituele: kila mmoja anatoa kidogo kila juma, na udongo ukimpiga mtu, mfuko unamtibu. Siku moja ukanipiga mimi. Ukingo wa shimo uliporomoka tukiwa tumekaa chini yake tukitwanga. Wenzangu waliruka, mimi nikabaki na jiwe juu ya nyonga ya kushoto. Miguu yangu yote miwili ipo, mtu akihesabu anapata miwili. Ila wa kushoto ni wa mapambo. Siku nikiamka vizuri natembea hatua ishirini nikishika ukuta, halafu nakaa chini na jasho linanitoka.

Sheria ya mituele inasema asiyeweza kutembea hatua hamsini bila kushikwa anapewa karti, na mwenye karti hospitali haimdai kitu. Mwaka huu karti ilikuwa na kazi moja tu kwangu. Kuna daktari wa mifupa anayefika Kasongo mara moja kwa mwaka. Mwaka jana aliitazama picha ya nyonga yangu akasema anaweza kuifungua na kuitengeneza, lakini nisicheze na wakati, maana mfupa unazidi kulika na baada ya mwaka huu hatapata mahali pa kukazia chuma chake. Alikuwa anakuja baada ya siku kumi na mbili. Majina ya watakaopasuliwa kwa karti yalitakiwa kumfikia kabla. Bila karti hakuna jina, na bila jina ningebaki na mguu wa mapambo mpaka wanizike nao.

"Rufaa iko," Bienvenu aliniambia, akiona nimetia barua kifuani. "Jumatano komite ya rufaa inakaa Kabambare. Mama Cécilia njo yeye mukubwa wake. Ulete mashahidi, lakini siyo watu wa jamaa."

"Na karatasi ya daktari?"

Alivua miwani akaifuta. "Sekretere hakubali tena karatasi."

Sababu naijua, Kabambare nzima inaijua. Mchimbaji mmoja alifika ofisini na magongo mawili na cheti chenye mihuri mitatu, akapewa karti, na juma lililofuata akaonekana harusini akicheza mpaka wapiga ngoma wakaomba kupumzika. Tangu siku hiyo Ismaël haamini mguu wa mtu wala mwandiko wa daktari. Anasema kila mtu huchechemea akifika mbele ya meza. Anachoamini ni macho ya watu baki. Simlaumu kwa hilo, ningekuwa mimi ningekuwa mkali kuliko yeye. Namlaumu kwa kudhani kwamba pikipiki ni miguu. Naendesha kwa sababu siwezi kutembea. Ningeweza kutembea, nani angenilazimisha kula vumbi la njia ile?

Naendesha vipi? Pikipiki yangu ni ndogo, ile isiyo na klachi ya mkono. Ndugu yangu Lwamba, ambaye ni fundi wa kuchomea vyuma, aliunganisha fimbo kwenye gia ili niibadilishe kwa mkono wa kushoto, na fimbo nyingine ya kushushia stendi. Mguu wa kushoto tunaufunga kwenye kikanyagio kwa ukanda wa mpira wa tairi, usije ukaburuzika, halafu kitenge kinafunika kila kitu. Asubuhi ya safari, Deborah, mke wa Lwamba, ananibeba mgongoni kutoka kitandani mpaka kwenye pikipiki, ndani ya ua wetu, lango likiwa limefungwa. Ananifunga mguu, anafungua lango, natoka kama bibi harusi. Kabambare naingia moja kwa moja kwenye ua wa mama yake Deborah, na huko lango likifungwa ndipo wananishusha. Kati ya ua na ua, kwa karibu miaka minane, hakuna aliyeniona nikishuka. Kwenye vijito vyenye daraja la magogo abiria wote huteremka wakavuka kwa miguu. Mimi vijana wananisukuma nikiwa nimekaa, nawapa chumvi, nao wanadhani sitaki kuchafua viatu.

Njia nzima wananiita Mama Hashukaka. Kwetu mwenye chombo hushuka akikutana na mzee, hushuka akipita penye matanga, hushuka bendera ikipanda. Mimi sishukii kitu. Wanasema ni kiburi cha fedha za Salamabila, na niseme kweli, jina lile nililipenda. Nilipendelea waseme najivuna kuliko wanione nikipita waseme masikini. Nilishawahi kuitwa masikini, miezi ile ya kwanza kabla ya pikipiki, na kila aliyelisema neno hilo alikuwa akinitazama kama mtu aliyekwisha kuondoka.

"Sasa utamuita nani?" Deborah aliniuliza jioni ile, akitwanga sombe, majani ya muhogo, uani.

Nilitaja majina, na kila niliyemtaja tulikuwa na ugomvi. Huyu nilimsalimia nikiwa juu ya pikipiki, yule nilipita penye msiba wake. Tulipomaliza njia yote kijiji kwa kijiji, hatukuwa na mtu hata mmoja.

"Yaya, dada yangu, mficha uchi hazai," Deborah alisema. "Ungewaambia zamani."

"Sitaki kuzaa. Nataka karti."

"Njo hivyo uko. Ulimi yako inakimbia kuliko piki."

Nilimkasirikia mpaka asubuhi kwa sababu alikuwa na haki. Aliponibeba kunipeleka kwenye pikipiki hatukusemezana, ila mpira aliufunga kwa uangalifu kuliko siku zote.

Komite ilikaa chini ya kibanda cha nyasi kisicho na kuta, nyuma ya ofisi ya mituele. Rufaa ni ya wazi, kwa hiyo mabenchi yalikuwa yamejaa watu waliokuja kusikiliza maneno ya wenzao. Mama Cécilia alikaa katikati na wajumbe wawili pembeni yake. Ni mkunga aliyestaafu, nusu ya watu waliokuwa pale waliingia duniani kupitia mikono yake, na anawatazama wote kama anakumbuka. Ismaël alikuwa na meza yake peke yake, daftari kubwa juu yake, shati limenyooshwa pasi kali. Niliendesha mpaka ukingoni mwa kibanda, nikashusha stendi, nikabaki nimekaa.

"Karibu, mama," alisema Mama Cécilia akinionyesha kiti. "Shuka, ukae."

Nilikitazama kiti. Zilikuwa hatua kumi hivi, na macho mia moja. Ulimi ulijibu kabla yangu. "Nitasikia nikiwa hapa."

Mabenchi yakaguna. Ismaël hakutabasamu, lakini alikaribia. "Mama Cécilia, iandikwe. Hata mbele ya komite hashuki."

"Nitaandika yenye ninataka," Mama Cécilia alimjibu. Kisha akanigeukia. "Mashahidi wako wako wapi?"

"Sina."

"Hata mumoja?"

"Hata mumoja."

"Mimi niko nao watatu," alisema Ismaël. "Na hakuna hata mumoja wa jamaa yake."

Walipoinuka kutoka benchi la mbele, niliwatambua wote. Alikuwepo kapita Kamaldine, mkuu wa kijiji kimoja cha njiani. Alikuwepo Cirhuza, polisi wa hapo Kabambare, na kitabu chake kikubwa cha kituoni. Na wa tatu, amejifunga kitenge cheusi, alikuwa Marie-Thérèse. Wawili wa kwanza ningewavumilia. Marie-Thérèse tulitwanga naye kinu kimoja Salamabila; aliolewa akaondoka kabla ya ajali, na baadaye nikamtumia habari kwamba nimepona.

Kapita ndiye alianza, kwa heshima ya umri.

"Huyu mama anapita mbele ya barza yangu, mwaka ya sita sasa," alisema. "Mimi ni muzee. Watu wote wanashuka, hata askari wanashuka. Yeye anapunga mukono. Nikamutoza kuku. Kuku ikafika, lakini aliitoa akiwa juu ya piki, kama mutu anatupia mbwa mufupa."

"Ilikuwa nono, na uliikula," nilisema.

Watu wakacheka, Mama Cécilia akanyoosha kidole nikanyamaza. Nilikuwa nachemka. Niliona wazi kwamba ndivyo nitakavyoikosa karti, kwa mdomo wangu mwenyewe.

"Muzee, anaendesha muzuri?" Ismaël aliuliza.

"Muzuri sana. Anapitaka wanaume."

"Na mutu wa kuendesha vile, ni mulemavu?"

"Mulemavu wapi? Ni kiburi tu."

Ismaël aliandika, akapigia mstari. Kisha akamwita Cirhuza. Huyu ni mtu wa Bukavu, hapotezi maneno. Alifungua kitabu mahali palipowekwa jani, akasoma kwa sauti ile ya serikali.

"Saa moja na nusu asubuhi, wakati wa kupandisha bendera, mwanamke Julienne amesimamisha pikipiki lakini amekataa kushuka. Ameamriwa mara tano. Hakushuka. Ameamriwa kuingia kashoti, ndani ya mahabusu. Hakushuka ili aingie kashoti. Ameachwa juu ya pikipiki mbele ya ofisi. Saa sita, jua kali, ameambiwa aende kivulini. Hakushuka. Saa saba ameambiwa aende chooni. Hakushuka. Saa tisa ameachiwa, kwa sababu aliyeandika amechoka."

Kicheko kilianza kwa nguvu, halafu kikapungua chenyewe, mtu mmoja mmoja. Mimi sikucheka kwa sababu siku ile naikumbuka. Ilinibidi nikaze meno mpaka taya likauma, na niliporudi kwa mama yake Deborah kitenge hakikuwa kikavu. Ningeweza kumwambia Cirhuza neno moja tu, akaniacha niende. Sikulisema.

Lakini nikiwa pale nikimsikiliza, hakushuka, hakushuka, hakushuka, mwili ulinisisimka. Ilikuwa imeandikwa, kwa mkono wa polisi, na muhuri juu yake. Miaka yote hii watu hawa walikuwa wakiuhesabu mguu wangu, ila hawakujua wanahesabu nini.

"Mama Cécilia, ninaweza kumuuliza swali?"

"Uliza. Ni haki yako."

"Afande Cirhuza, tumejuana miaka ngapi?"

"Miaka mine."

"Hiyo miaka yote, ulishaniona nikitembea? Hata hatua moja?"

Alitazama kitabu kama vile jibu lingekuwa humo. "Hapana," alisema. "Kutembea, sijakuona."

"Muzee kapita, na wewe?"

Mzee Kamaldine aliegemea fimbo yake. Ni mtu mwenye hasira, lakini si mwongo. "Nilikuonaka unapunga mukono."

"Kutembea, Muzee."

"Kutembea..." Aligeuza fimbo yake mkononi. "Kutembea, hapana."

Ismaël alisimama. "Hiyo njo kiburi yenyewe. Wamesema wazi, anakataa kushuka."

"Kutoka bendera inapanda mpaka saa tisa, juani, bila choo," nilimwambia. "Sekretere, kiburi yako wewe ingefika saa ngapi?"

Safari hii kicheko kilimpata yeye. Hata mjumbe wa kushoto aliinama akajifanya anatafuta kalamu. Ismaël alikaa, na niliona anaanza kufikiri, kwa sababu hakuandika. Damu yangu ilikuwa inakimbia. Tangu jiwe liniangukie sikuwahi kufurahi hivyo. Kama ningekuwa na mashahidi wengine ishirini wa kunisema vibaya ningewaomba wapange mstari.

"Bado shahidi wa tatu," alisema Mama Cécilia.

Marie-Thérèse hakusogea mbele. Alisema akiwa palepale aliposimama, na hakumtazama Ismaël, alinitazama mimi.

"Huyu ni rafiki yangu. Alikuwa rafiki yangu. Tulitwanga kinu moja, mimi napiga, yeye anapiga, mpaka mawe inalainika. Mwaka jana bwana yangu alikufa. Maiti iko ndani ya nyumba, wanawake wote wako chini kwa mukeka pamoja na mimi. Nikasikia piki. Nikasema moyoni, Julienne amefika, sasa nitalia na mutu mwenye ananijua. Akasimama nje ya lupango, nje ya uzio ya nyumba yetu. Akanyosha mukono juu ya ua, akatoa pesa yake ya matanga, akasema pole, akaenda. Sikumusikia hata anazima mashine." Alikaza kitenge chake cheusi kiunoni. "Kapita alikosewa heshima, polisi alikosewa bendera. Mimi nilikosewa nini? Munisaidie kusema."

Swali nilikuwa nalo tayari, lile lile lililowashinda wale wawili, na lingemshinda na yeye. Sikuweza kulitoa. Kumshinda Marie-Thérèse kwa ujanja ni kitu ambacho hata ulimi wangu ulikataa.

Kwa hiyo nilifanya kile ambacho nilikuwa nimekikimbia miaka minane. Nilipandisha kitenge mpaka gotini. Mguu wa kushoto ulikuwa pale, umefungwa kwenye kikanyagio kwa mpira mweusi, mwembamba, na alama nyekundu mahali mpira unapokaza.

"Sikushuka juu ya sababu siwezi kushuka," nilimwambia. "Tangu ile siku ya shimo. Ningefika kwako, ingebidi wanaume wanibebe waniingize. Watu wangeacha kumulilia bwana yako, wangeniangalia mimi, wangesema masikini. Niliona heri uniite mwenye kiburi. Nililia njia yote mpaka Kasongo. Nilikukosea, na sina jibu ingine."

Alikuja taratibu. Watu walimpisha. Aliinama kando ya pikipiki, akauweka mkono juu ya ule mpira, kisha juu zaidi, kwenye paja, kupitia kitenge, akalizungushia vidole vyake. Vidole vilikutana. Sisi twangaise tunajua mapaja ya wenzetu, tumekaa tukibana nayo vinu mchana kutwa. Alijua paja langu lilikuwaje.

"Wewe," alisema polepole. "Miaka munane. Na mimi mwaka muzima nilikuwa nakuapiza kila jumapili." Aliinuka akaigeukia meza, na sauti yake ya kutwangia ilikuwa imerudi. "Mama Cécilia, mimi sekretere aliniita. Lakini uniandike kwa upande wa huyu."

Mama Cécilia alikuja mwenyewe kuutazama mguu. Aliushika kama anavyoshika mtoto mchanga, akaubonyeza, akaniuliza maswali matatu ya kikunga ambayo siyarudii hapa, akarudi kitini kwake. Alinong'ona na wajumbe wake, na hawakuchukua muda.

"Ismaël," alisema, "ulisema shahidi asikuwe wa jamaa. Ulisema karatasi ya daktari inauzwa. Ulisema mutu anachechemea tu mbele ya meza. Nimekubali yote, ni sheria muzuri. Sasa uko na mashahidi watatu, hakuna wa jamaa, hakuna mwenye alikuja kumupenda, na mumoja iko na kitabu ya serikali. Wewe mwenyewe njo uliwaleta. Hajawahi mutu kuja hapa na ushuhuda nguvu hivi."

Ismaël alikuwa ameinamisha kichwa juu ya daftari. Nilitegemea abishe. Alikohoa tu. "Lakini iko anaendesha," alisema, kwa sauti ndogo, kama mtu anayesema jambo la mwisho ili asiambiwe hakusema.

"Anaendesha kwa mikono," alijibu Mama Cécilia. "Sheria yetu inahesabu hatua. Inasema wapi juu ya piki? Andika: karti inarudi leo. Na andika barua ya hospitali, jina yake iende kwa daktari wa mifupa."

Aliandika. Nitampa haki yake, mwandiko wake ni mzuri na hakupunguza neno. Alipomaliza aliinua kichwa, akauliza barua ya hospitali ataipeleka nani Kasongo, maana pikipiki ya ofisi imeharibika tangu mwezi uliopita.

"Mimi," nilisema. "Kesho itakuwa imefika."

Kibanda kizima kilicheka, na Ismaël naye akacheka, alijaribu kujizuia akashindwa. Kapita Kamaldine aligonga fimbo yake chini akisema huyu mama, huyu mama, na Cirhuza alikuwa ameshika kitabu chake kifuani kama kitu ambacho kimegeuka kuwa cha thamani.

Ilibaki sahihi yangu. Daftari lilikuwa juu ya meza, hatua zile kumi. Ismaël alilifunga, akalikamata kwa mikono miwili, akaanza kuniletea pale nilipokuwa, kama wote wanavyoniletea kila kitu: Bienvenu dirishani, wachuuzi sokoni, vijana wa kwenye magogo.

"Acha," nilimwambia. "Rudisha mezani."

Alisimama, hakuelewa.

Nilivuta pumzi. Nilikuwa nimekwisha kushinda, karti ilikuwa yangu, na bado neno lile lilikuwa zito kulitoa. "Siwezi kutembea mpaka hapo," nilisema, kwa sauti ya kufika benchi la mwisho. "Nataka kukaa kwenye kiti kama watu. Mutu anibebe."

Walisimama wanaume wanne au watano, lakini Marie-Thérèse alikuwa karibu zaidi. Alifungua mpira wa mguu kwa vidole vyake bila kuuliza umefungwa vipi, akanigeuzia mgongo, akachuchumaa. Nilimshika mabega. Aliponiinua nilisikia mifupa yake, amekonda tangu afiwe, na nikafikiri tutaanguka wote wawili mbele ya komite. Hakutikisika. Mtu aliyetwanga mawe hatikisiki. Tulitoka kwenye pikipiki, tukapita katikati ya mabenchi, kila mtu akitutazama, na nilinyoosha shingo nikawatazama na mimi, mmoja mmoja, usoni. Hakuna aliyesema masikini.

"Bado nimekukasirikia," Marie-Thérèse alisema, akihema.

"Kasirika," nilimwambia. "Lakini usiniangushe."

Alinifikisha kwenye kiti, akanikalisha, akanipangia kitenge juu ya magoti. Ismaël alinifungulia daftari na kunipa kalamu. Niliandika jina langu lote, la baba na la babu pia, mpaka nikatoka nje ya mstari.